Kinga ya jua itokayo shambani iwekwe kwenye ngozi ya povu, si tumboni mwake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuzungumzie jambo linalorudi kila yanapofika maonyesho ya kilimo na viwanda. Mezani huwekwa kipande cha povu la plastiki lililochanganywa na pumba za mpunga, makumbi ya nazi au maganda ya korosho, na wageni huelezwa kwamba kinastahimili jua na mvua. Nia ni njema na malighafi ipo tele. Lakini pumba ikisagwa na kumwagwa tu ndani ya kemikali, povu linalopatikana huchakaa upesi kuliko lile lisilo na kitu. Sababu zake zinajulikana, na zinarekebishika. Tunaandika kwa sababu tungeumia kuona wazo hili likizikwa na vipande vibovu.

Povu tunalolisema ni lile gumu la poliyurethani, lenye rangi ya manjano hafifu, ambalo limo katika kuta za vyumba baridi, majokofu, makasha ya barafu ya wavuvi na mapaa yaliyopuliziwa. Magodoro tunayaacha, hayakai juani.

Povu hili huzaliwa kemikali mbili za kimiminika, polioli na isosianati, zinapokutana. Isosianati inayotumika kwa povu gumu huitwa MDI, nayo ina pete za benzini. Pete hizo hunasa miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa jicho, na zikiwa zimezungukwa na oksijeni hugeuka kuwa kemikali zenye rangi. Uso wa povu hukolea manjano, kisha hufuata rangi ya chungwa, kisha kahawia. Rangi yenyewe haidhuru mtu. Kinachodhuru ni kwamba minyororo ya plastiki hukatika wakati huohuo, uso ukakauka na kuwa unga ukiguswa kwa kidole. Mvua husomba unga huo, tabaka bichi likabaki wazi, na jua likaanza upya. Ndiyo maana povu lililopuliziwa juu ya paa hupakwa rangi ya kinga ndani ya siku moja hadi tatu. Likiachwa wazi kwa miezi, hata rangi nzuri haishiki, kwa kuwa inapakwa juu ya unga.

Sasa msomaji aangalie jambo ambalo wachanganyaji wengi hulipita. Miale hiyo haiendi mbali ndani ya povu. Kazi yake kubwa huishia katika milimita ya kwanza au ya pili. Chukua ubao wa povu wenye unene wa milimita 50. Ukichanganya kinga ya jua kwenye povu lote kwa usawa, katika kila gramu 100 za kinga hiyo ni gramu 2 tu ziko katika milimita ya juu inayokutana na jua. Gramu 98 zimekaa gizani hazifanyi lolote, ila zimeongeza uzito, zimefanya polioli iwe nzito kama uji, na zimetoboa povu kutoka ndani. Kwa hiyo tunasema: kinga ya jua itokayo shambani iwekwe kwenye ngozi ya nje. Ndani ya povu kuwekwe tu kile kinachofukuza maji, kwa kuwa maji, tofauti na jua, hupenya hadi ndani.

Kwa nini unga wa pumba au makumbi huharibu? Kwanza ni unyevu. Maji hushindana na polioli kuigombania isosianati, na maji ni mlafi: gramu 1 humeza gramu 15 hivi za MDI. Unga wa mimea uliokaa hewani ukanda wa pwani hubeba unyevu wa asilimia 10 bila kuonekana umelowa. Ukitia gramu 100 za unga huo umetia maji gramu 10. Hayo yatakula gramu 150 za MDI iliyokuwa imepimiwa polioli, na kutoa gesi ya kabonidioksaidi lita 13 na ushei. Fundi huona povu linapanda kuliko kawaida na kudhani amepata faida. Kesho yake limesinyaa ubavuni, limepasuka katikati, na likibonyezwa linavunjika kama biskuti. Dawa yake ni kukausha unga kwenye nyuzi joto 105 hadi ukipimwa mara mbili, kwa nafasi ya saa moja, uzito haushuki tena. Kisha utiwe ungali moto kwenye chombo kisichopitisha hewa, utumike siku hiyohiyo. Ukiachwa kwenye beseni wazi huanza kunywa unyevu wa hewani upya, na kazi yote ya tanuri inapotea.

Pili ni ukubwa wa chembe. Povu gumu ni mkusanyiko wa vijumba vyenye upana wa mikromita 200 hadi 500 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kuta zake ni nyembamba mno, kama mikromita moja. Unga uliopitishwa kwenye chekeche la jikoni una chembe kubwa kama kijumba chenyewe. Kila chembe hutoboa kuta zinazoizunguka. Gesi inayohami joto hutoka, maji huingia. Na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko povu kavu, hivyo kasha la barafu lililolowa ndani ya kuta zake ni kasha kwa jina tu. Chembe zisizidi mikromita 75, na mikromita 45 ni bora zaidi. Hiyo ni kazi ya kinu cha mipira ya chuma na chekeche la maabara; mashine ya kusaga mahindi haifiki huko.

Tatu ni chumvi, na hili linawahusu watu wa pwani hasa. Makumbi mengi ya Unguja na kwingineko hufukiwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi ili nyuzi zilainike kwa kazi ya kamba. Masalia ya kazi hiyo yamejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Hata makumbi ambayo hayakufukiwa yana chumvi yake ya asili. Yaoshwe kwa maji baridi ya kisima au mvua mara tatu, kila mara yakilowekwa usiku kucha.

Kuhusu jivu la pumba za mpunga, tuseme wazi kwa kuwa ndilo linalosifiwa zaidi. Pumba ni kama moja ya tano ya uzito wa mpunga, na ikichomwa huacha jivu kiasi cha moja ya tano ya uzito wake, ambalo sehemu kubwa ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Silika huongeza ugumu na husaidia kidogo dhidi ya moto. Lakini silika safi hupitisha miale ya urujuanimno; kuitegemea kama kinga ya jua ni sawa na kujifunika chandarua wakati wa mvua. Jivu jeusi lililobaki na kaboni ndani yake hukinga kiasi, na kinachokinga hapo ni kaboni. Aidha jivu lina potasiamu, na chumvi za potasiamu huchochea isosianati kujishika yenyewe kwa yenyewe, hivyo povu huweza kuganda kabla halijamaliza kupanda. Anayelitumia alioshe kwanza kwa asidi hafifu, kisha kwa maji. Na pumba isichomwe kwa moto unaopita nyuzi 700, maana silika hugeuka kuwa fuwele ambazo vumbi lake huharibu mapafu bila kuponyeka.

Mkaa wa vifuu vya nazi nao hudhaniwa ni sawa na ile kaboni nyeusi inayotiwa kwenye mabomba ya maji. Mabomba yale ya polithini hubeba kaboni ya asilimia 2 hadi 2.5 tu na hudumu juani kwa miaka mingi, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno, mikromita 0.02 hivi. Mkaa uliosagwa una chembe kubwa maelfu ya mara kuliko hiyo. Uzito ni uleule, lakini kivuli chake ni kidogo sana.

Kitu cha shambani kinachokinga jua kwa kweli ni lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mimea. Imejaa kemikali ziitwazo fenoli, inanasa miale ya urujuanimno kwa nguvu, na inazimisha vipande vya kemikali vinavyoendeleza uharibifu baada ya jua kupiga. Makumbi ya nazi ni chanzo kizuri kuliko pumba, kwa kuwa zaidi ya theluthi ya uzito wa nyuzi zake ni lignini, na silika yake ni kidogo. Ukijaribu kutoa lignini kwenye pumba za mpunga, silika huyeyuka pamoja nayo na baadaye huganda kama uteute unaoziba chujio. Wengi hukata tamaa hapo.

Njia yenyewe si ya siri. Makumbi yaliyooshwa na kukaushwa yasagwe hadi yapite kwenye tundu la milimita 1. Kilo 1 iwekwe kwenye lita 10 za mchanganyiko wa kostiki soda wa asilimia 10, yaani kilo 1 ya kostiki ikitiwa ndani ya maji polepole, kamwe si maji kumiminwa juu ya kostiki. Pasha nyuzi 90 hadi 95 kwa saa 3, chombo kikiwa kimefunikwa. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na kostiki na kutoa gesi ya haidrojeni karibu na moto wako. Ajali hiyo inazuilika. Chuja kwa kitambaa kizito. Maji meusi yanayopita ndiyo yenye mali. Yaache yapoe, kisha ongeza asidi ya salfuriki iliyopunguzwa makali hadi asilimia 10, kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ifike kati ya 2 na 3. Asidi ya betri mpya inafaa ikipunguzwa, ya betri kuukuu haifai kwa sababu ina madini ya risasi. Tope la kahawia litatokea. Lipashe nyuzi 60 hadi 70 ili chembe zishikane, vinginevyo halitachujika, na liache litulie usiku kucha. Mwaga maji ya juu baada ya kuyapoza makali yake kwa chokaa, osha tope hadi maji ya mwisho yafike pH 5 au 6, kisha kausha chini ya nyuzi 60. Ukikausha tope bichi kwa moto mkali hupati unga, unapata kigae.

Kipimo cha haraka cha usafi: choma gramu 10 za lignini kavu hadi libaki jivu tu. Jivu likizidi gramu 0.3, rudi ukaoshe.

Ngozi ya kupaka juu ya povu inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, ambayo kwa asili yake ni polioli na hayahitaji kiyeyushi. Yachemshe kwenye nyuzi 105 hadi 110 huku ukikoroga mpaka mapovu yakome, maana maji yakibaki humo ngozi itajaa matundu madogo kama ya sindano, na mvua itapita hapo. Kwa gramu 100 za mafuta tia gramu 10 za lignini kavu yenye chembe za mikromita 45, koroga kwenye nyuzi 70 hadi 80 kwa saa moja, uache ipoe. Wakati wa kupaka ongeza MDI gramu 49. Hesabu yake ni hii: mafuta ya nyonyo yakiwa na namba ya haidroksili 160 (kipimo cha sehemu zake zinazoshikana na isosianati), gramu 100 zinahitaji MDI gramu 38.5, lignini gramu 10 zinahitaji kama 8, jumla unaiongezea asilimia 5. Namba ya haidroksili ya mafuta yako ikiwa tofauti, badilisha hesabu, usibadilishe kwa macho. Paka tabaka mbili, kila tabaka gramu 250 kwa mita ya mraba, la pili likifuata la kwanza likiwa bado linanata kidogo. Unene wa jumla utakaribia nusu milimita. Changanya kiasi unachoweza kumaliza mara moja, maana kwenye joto la pwani mchanganyiko huu hausubiri.

Ngozi hii ni ya kahawia na itaendelea kukolea. Kwa kasha la samaki linalokaa kivulini sehemu ya siku inatosha. Kwa paa la chumba baridi haitoshi peke yake: rangi ya giza hupata joto kali juani, na joto hilo huenda palepale tunapotaka baridi. Hapo juu yake ipakwe rangi nyeupe ya akriliki. Faida ya lignini inabaki, kwa kuwa nyeupe ikipasuka au kuchunika, povu halibaki uchi. Na lile povu jeupe la chembe chembe, poliestirini, ambalo rangi nyingi za mafuta hulila kwa sababu ya viyeyushi vyake, linaweza kupakwa ngozi hii bila kuyeyuka.

Ndani ya povu sasa, dhidi ya maji. Hapa tunakuja kwenye korosho. Katika tani moja ya korosho ghafi, maganda ni kama kilo 700, na ndani ya maganda hayo mafuta ni asilimia 20 hadi 25. Korosho ikibanguliwa nyumbani, Mtwara, Lindi, Tunduru au Kilifi, mafuta hayo yanabaki kwetu. Korosho ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, yanaondoka nayo. Na hata panapobanguliwa, mara nyingi maganda hutupwa tanurini na mafuta yake yote, yakatoa moshi unaochoma macho. Yakikamuliwa kwanza, makapi bado yanawaka vizuri.

Mafuta mabichi ya ganda yasitiwe kwenye povu. Sehemu kubwa yake ni asidi ya anakadi, na asidi hiyo hulala juu ya kichocheo cha amini, kile kinachoharakisha povu, na kukinyamazisha: povu huchelewa, hupanda kwa uvivu, kisha huporomoka. Mafuta yapashwe kwenye nyuzi 140 hadi 150 kwa saa 3 hivi, ili asidi iachie kabonidioksaidi na kubaki kemikali iitwayo kardanoli. Katika kilo 100 za mafuta, kilo 8 hivi huondoka kama gesi, kwa hiyo pipa lisijazwe zaidi ya nusu, maana huumuka kama maziwa. Yasipite nyuzi 200, yataanza kuganda.

Kardanoli ina mkia mrefu wa kaboni 15 usiopatana na maji kabisa, na huo ndio thamani yake hapa. Ila ina mkono mmoja tu wa kushikana na isosianati, kwa hiyo kila molekuli yake ni mwisho wa mnyororo. Anza na asilimia 5 ya uzito wa polioli, usipite 10. Ukizidisha, povu hulainika na kusinyaa kwenye joto. Viwanda vikubwa huigeuza kwanza kuwa polioli kamili yenye mikono kadhaa kwa kutumia fomaldehidi na dietanolamini, lakini hiyo ni kazi ya mtambo uliofungwa. Isijaribiwe uani.

Hesabu ya isosianati ibadilike pia. Kwa polioli yenye namba ya haidroksili 400, gramu 100 huhitaji MDI gramu 96. Maji gramu 1 ya kuumua huongeza 15. Na ziada ya kawaida ya asilimia 10 hufikisha gramu 122. Gramu 10 za polioli zikiondolewa na kuwekwa kardanoli, yenye namba kama 187, MDI hushuka hadi gramu 117 hivi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini MDI ya ziada isiyo na mwenzi hulifanya povu livunjike kwa urahisi.

Glavu za nitrili na mikono mirefu ni lazima kwenye kazi zote mbili. Mafuta ya ganda huunguza ngozi kwa malengelenge, na mvuke wa isosianati unaweza kumpa mtu pumu ambayo baadaye huamshwa na kiasi kidogo tu.

Ombi letu kwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), TIRDO (Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda), SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) na wenzetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ni moja. Povu lolote linalotangazwa kwamba limeimarishwa kwa mabaki ya kilimo lining'inizwe nje kabla ya kusifiwa. Vipande vya sentimita 10 kwa 10, vitano vya kila aina, pamoja na vitano visivyo na mabaki vyenye uzito uleule kwa mita ya ujazo, maana povu zito zaidi litaonekana imara hata kama mabaki hayajasaidia lolote. Nusu ya kila kipande ifunikwe kwa karatasi ya alumini, na fremu ielekezwe kaskazini kwa mlalo wa nyuzi 10 hivi ili maji yatiririke. Baada ya miezi 3, 6 na 12, unga upanguswe kwa brashi laini na kina kilicholiwa kipimwe kati ya nusu iliyofunikwa na iliyo wazi. Kisha kipande kizamishwe saa 24 na kupimwa maji yaliyoingia. Matokeo yabandikwe hadharani, mazuri na mabaya. Fremu ya kwanza iwekwe Mtwara karibu na bahari, penye chumvi na unyevu, na ya pili Dodoma, penye jua kavu. Povu linaloshinda sehemu moja si lazima lishinde nyingine.

Wasomaji wenu,
mafundi wa povu na wasindikaji wa maganda ya korosho,
Mtwara